Jua Tulilolifungia Nje

Nyumba niliyokulia mimi, huko Magomeni, ilikuwa na ua. Haikuwa nyumba ya fahari: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na wapangaji waliogombana kila mwisho wa mwezi juu ya umeme. Lakini ukiupita ukumbi ule na kufungua mlango wa nyuma, ulitokea uani, na uani ndiko maisha yalikokuwa. Ndiko kulikopikwa, kulikofuliwa na kulikosukwa nywele. Na ndiko bibi yangu alikotandika mkeka kila siku, kazi za asubuhi zikiisha, akamlaza juu yake mtoto mchanga yeyote aliyekuwapo nyumbani, amevuliwa nguo na kupakwa mafuta ya nazi. Aliyeuliza sababu alijibiwa kwamba mtoto anaanikwa ili akomae. Sisi tuliokwenda shule tulilicheka sana neno hilo. Muhogo ndio huanikwa, tulisema, si mtu.

Mwaka 2021, nilipojifungua mtoto wangu wa pili, mimi na mume wangu tulikuwa tumekwisha hamia katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, karibu na kazini. Tulijiona tumepiga hatua. Maji yalitoka bombani karibu kila siku, wezi hawakufika, na madirisha yalikuwa ya vioo. Dirisha moja lilitazama ukuta wa jengo la jirani, ukuta ambao ningeweza kuugusa kwa mpini wa ufagio. La pili lilipata jua kidogo wakati wa alasiri, nalo jua lenyewe lilipita kwanza katika kioo, kisha katika pazia. Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha nilirudi katika chumba cha habari, ambako mtu huingia asubuhi asijue atatoka saa ngapi, na mume wangu akaendelea na zamu zake za kiwandani. Mtoto tulimwachia binti aliyetusaidia kazi. Nilimpa binti yule amri moja iliyozidi nyingine zote: asishuke chini na mtoto. Chini kulikuwa na magari, pikipiki na watu tusiowajua, na juu ya hayo ulikuwa ni wakati wa korona. Binti alikuwa mtiifu. Alifunga mlango kwa ufunguo asubuhi, akaufungua tuliporudi.

Hivyo ndivyo mwanangu alivyoishi mwaka mzima na ushei wa mwanzo wa maisha yake, katika mji ambao jua lake huilainisha lami, bila ya kuguswa na jua hilo isipokuwa siku za kliniki. Na siku hizo zenyewe nilimfunika kanga kuanzia kichwani mpaka miguuni, nikiogopa vumbi.

Aliugua. Mafua yalifuatwa na kikohozi, kikohozi kikafuatwa na homa. Kabla hajatimiza mwaka alikuwa amekwisha lazwa mara mbili kwa nimonia, na alipofikia miezi kumi na minne akalazwa tena. Mzazi aliyepata kukesha akihesabu pumzi za mtoto anajua usiku ule ulivyo mrefu. Meno yake yalichelewa. Kichwa chake kilitoka jasho hata katika ubaridi wa mwezi wa Julai, mto ukalowa. Watoto wa umri wake walisimama dede, wakatembea, wakaanza kuvunja vyombo. Yeye alikaa kitako akinitazama. Nilipomsimamisha kwa nguvu, miguu yake ilipinda kama upinde.

Hapo ndipo lilipoingia nyumbani kwetu neno ambalo wazazi wengi wa huku kwetu wanalijua. Mtoto anayedhoofika bila ya sababu inayoonekana huambiwa kwamba amebemendwa, yaani mmoja wa wazazi wake ametoka nje ya ndoa wakati mtoto angali akinyonya. Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima, wala hakunitamkia mimi. Alimwita mwanawe pembeni. Lakini vyumba viwili havina pembeni. Kwa wiki kadhaa mimi na mume wangu tulilala kitanda kimoja, kila mmoja akizihesabu saa za mwenzake. Yeye alikumbuka usiku niliochelewa gazetini. Mimi nilikumbuka zamu zake za ziada ambazo sikupata kuziona katika mshahara. Hatukugombana. Ingekuwa afadhali tungegombana.

Daktari aliyetutoa katika giza hilo alikuwa mwanamke wa makamo, asiyesema sana. Alivishika vifundo vya mikono ya mtoto, akavigeuza. Vilikuwa vinene, kana kwamba amevaa bangili chini ya ngozi. Akapitisha vidole juu ya mbavu zake, kisha akaushika mkono wangu nami nipapase pale pale. Niligusa vivimbe vidogo vilivyojipanga mstari kama punje za tasbihi. Picha ya eksirei ilipokuja, ncha za mifupa zilionekana zimechakaa kama upindo wa kanga kuukuu.

“Mama,” aliniuliza, “mtoto huyu jua analipata saa ngapi?”

Nilifungua kinywa nijibu, nikakifunga.

Ulikuwa ugonjwa wa matege. Miaka yangu yote niliyajua matege kuwa ni umbo la miguu tu, jambo la kutaniana shuleni. Sikujua kwamba mara nyingine ni dalili ya mifupa mizima ya mwili kuwa laini kwa kukosa chokaa. Damu ya mwanangu ilipopimwa, vitamini D ilikuwa nanomoli 14 katika kila lita. Wataalamu wa nchi mbalimbali walioafikiana mwaka 2016 juu ya kuzuia na kutibu matege wanahesabu kwamba chini ya 30 ni upungufu, kati ya 30 na 50 haijatosha, na zaidi ya 50 inatosha. Mwanangu hakufika hata nusu ya kiwango cha chini.

Usiku ule nilimweleza mume wangu yote kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Kwa hiyo ni jua?” Nikamwambia, “Ni jua.” Hakusema zaidi. Lakini siku iliyofuata, ambayo ilikuwa ya mapumziko yake, alimbeba mtoto mwenyewe, akashuka naye ngazi zote tatu, akakaa naye juu ya tofali karibu na pale yanapoegeshwa magari, hana shati yeye wala mtoto. Nami niliyekuwa nikiwatazama kutoka dirishani nililia, na sijui kama nililia kwa ajili ya mtoto au kwa ajili yetu sisi wawili.

Ndugu msomaji, kazi yenyewe hutendeka hivi. Ndani ya ngozi yetu mna mafuta ya aina ya kolesteroli. Sehemu fulani ya mionzi ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni, ikiyapiga mafuta hayo huyageuza, nayo huwa vitamini D. Vitamini hiyo huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ikabadilishwa mara ya kwanza, kisha hadi kwenye figo, ikabadilishwa mara ya pili, na hapo ndipo inapokuwa tayari kufanya kazi yake iliyo mashuhuri, nayo ni kuuwezesha utumbo kufyonza kalisi, yaani madini ya chokaa yanayojenga mifupa. Kioo cha dirisha huizuia karibu mionzi yote ya aina hiyo. Kwa hiyo mtoto anayewekwa nyuma ya kioo hupata joto na mwanga, asipate kitu kingine. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna mwavuli wa asili, melanini, unaotukinga na madhara ya jua. Lakini mwavuli huo huo hutufanya tuhitaji muda mrefu zaidi juani ili tupate kiasi kile kile anachokipata mtu mweupe kwa dakika chache. Ama maziwa ya mama, hayana mfano kwa mtoto, na asiwepo mtu wa kuyaacha kwa sababu ya makala hii. Ila vitamini D iliyomo humo ni kidogo sana. Ndiyo sababu wataalamu hao wa mwaka 2016 walishauri kila mtoto mchanga apewe yuniti 400 za vitamini hiyo kila siku katika mwaka wake wa kwanza. Huku kwetu ushauri huo haujawa desturi. Mimi, mwandishi wa habari mwenye stashahada, sikupata kuusikia mpaka nilipokuwa nimekaa mbele ya daktari.

Nilipoanza kusoma habari za ugonjwa huu, niliyajua mengi ambayo yangenifaa mapema. Matege yalienea mno katika miji ya viwanda ya Ulaya katika karne ya 19, pale moshi wa makaa ya mawe ulipolifunika anga na familia za wafanyakazi zikarundikana katika vichochoro visivyoona jua. Mwaka 1890 daktari mmisionari, Theobald Palm, aliyepata kufanya kazi Japani, alikusanya habari kutoka kwa wenzake wa nchi mbalimbali akatamka kwamba kinachokosekana ni jua. Wachache walimsikiliza. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaponya watoto wenye matege kwa kuwamulikia taa ya mionzi ya urujuanimno, na katika miaka hiyo hiyo Edward Mellanby, huko London, aliwatia watoto wa mbwa ugonjwa huo kwa kuwafungia ndani na kuwalisha vyakula hafifu, kisha akawaponya kwa mafuta ya ini la samaki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Harriette Chick alionyesha huko Vienna kwamba njia zote mbili, mafuta na jua, zilimponya mtoto yule yule wa maskini. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani akakitambua kile kilichomo katika mafuta hayo, kikapewa herufi D kwa kuwa A, B na C zilikuwa zimekwisha tumika.

Niliyasoma hayo nikidhani ninasoma habari za watu wa nchi za baridi. Kumbe ni habari za chumba. Chumba chaweza kuwa London au Dar es Salaam. Mradi mlango umefungwa, mwili haujui tofauti. Ndugu zetu walioko Ghuba, katika nchi ambazo jua lake ni kali kuliko letu, wanalijua jambo hili: huko upungufu wa vitamini D, hasa kwa wanawake, ni wa kawaida sana, kwa kuwa watu huhama kutoka nyumba yenye kiyoyozi kwenda gari lenye kiyoyozi. Na kinyume chake, mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa damu za Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya jadi. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, mara nane ya mwanangu aliyezaliwa mjini na kuchanjwa chanjo zote.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni kile kifua. Kwa nini nimonia mara tatu? Daktari alinijibu kwa njia mbili. Kwanza, mbavu laini haziwezi kuvuta pumzi kwa nguvu wala kusukuma kikohozi, na makohozi yanayobaki ndani ni shamba la vijidudu. Pili, vitamini D si ya mifupa peke yake. Chembechembe nyeupe za damu, zile zinazomeza vijidudu, zina mahali maalumu pa kuipokea. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walieleza kwamba chembe ya aina hiyo ikimtambua kijidudu cha kifua kikuu huichukua vitamini D iliyomo katika damu, ikaikamilisha yenyewe humo humo ndani, kisha ikaitumia kutengeneza protini ndogo iitwayo katelisidini, ambayo ndiyo silaha ya kumtobolea adui. Damu ikiwa na vitamini kidogo, silaha hutengenezwa kidogo. Ni kama mgambo aliyekwisha mwona mwizi, ila bohari ya silaha imefungwa na mwenye ufunguo hayupo.

Tena si maabara peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kutoka Addis Ababa, nao ni mji wenye jua, uliwalinganisha watoto 500 wenye nimonia na watoto 500 wasiokuwa nayo. Uwezekano wa kukutwa na matege ulikuwa mkubwa zaidi ya mara kumi kwa wale wenye nimonia.

Mwanangu alipewa matone ya vitamini D ya kila siku pamoja na kalisi, na sisi tukapewa kazi ya kumtoa nje na kumpa dagaa waliosagwa katika uji wake. Kalisi ni jambo la kuangaliwa sana, kwani kuna matege yasiyotokana na kukosa jua. Watafiti waliofanya kazi Nigeria walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wengi wenye matege huko walikuwa wakiota jua vizuri. Walichokosa ni chokaa katika chakula, nao walipona kwa kupewa kalisi. Uji mtupu wa nafaka, asubuhi na jioni, bila ya maziwa wala dagaa, waweza kumpinda mtoto miguu akiwa katikati ya uwanja wenye jua.

Katika mwezi wa tatu wa matibabu alisimama. Katika mwezi wa tano alitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, akaugonga mlango. Kifua hakikumlaza tena mwaka ule. Mama mkwe alikuja, akamtazama, akasema tu, “Mtoto amepata nguvu.” Lile neno halikutajwa tena, wala sikumdai atamke mengine.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini isingekuwa kweli yote. Mtu aliyeponyewa mtoto ni mwepesi wa kuhubiri, nami nilihubiri. Kazini nilimwambia kila aliyepiga chafya kwamba akapime vitamini D. Nilikuwa na ushahidi wa kila namna. Nilisimulia kwamba mwaka 1849 daktari Charles Williams wa London aliwapa wagonjwa wa kifua kikuu mafuta ya ini la samaki akaona wengi wakipata nafuu. Nilisimulia kwamba Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Yote hayo yalitokea kweli, na kusema kweli kidogo kidogo ndiko kulikonidanganya.

Mwezi wa Machi 2023 mdogo wangu wa kiume alipatikana na kifua kikuu. Ni mlinzi wa zamu ya usiku. Mchana hulala katika chumba kisicho na dirisha. Nilipolisikia hilo nilidhani nimekwisha iona sababu yote. Alianzishiwa dawa, ambazo hutolewa bure, kwa matibabu ya miezi sita. Mimi nikampelekea chupa mbili za vidonge vya vitamini D vya nguvu kubwa, vilivyogharimu karibu nusu ya mshahara wake, nikamweleza habari za mgambo na bohari kwa ufasaha ule ule niliowaelezea ninyi hapa juu.

Wiki ya tisa alinipigia simu muuguzi wa zahanati anakochukulia dawa, kwa kuwa jina langu ndilo lililoandikwa kuwa ndugu wa karibu. Mdogo wangu hakuonekana kwa siku kumi na saba. Nilikwenda chumbani kwake baada ya kazi. Nilimkuta amekaa mlangoni, kifua wazi, anaota jua, na chupa zangu ziko kando yake. Dawa za zahanati zilikuwa zikimtia kichefuchefu na kuubadilisha mkojo wake kuwa mwekundu, na homa ilikuwa imekwisha shuka.

“Dada,” aliniambia, bila ya ukaidi wowote, “si wewe uliyesema askari wakipata silaha watapigana wenyewe?”

Sitasahau macho yake. Alikuwa ameniamini kama tulivyomwamini bibi.

Muuguzi hakunigombeza. Alisema tu kwamba kijidudu cha kifua kikuu kilichopigwa nusu, kikaachwa, hujifunza kuishinda dawa, na kwamba ugonjwa sugu huambukizwa kama ule wa kawaida: ungemfuata mke wake, na mtoto wao wa miezi minane. Makohozi yake yalichukuliwa upya. Siku nne za kungoja majibu nilizitumia kusoma, safari hii si kwa kutafuta yanayonipendeza.

Na hapa hapa Dar es Salaam, mjini kwangu, nilikuta jibu lililokuwa limekwisha chapishwa. Mwaka 2010 watafiti walieleza kwamba wanawake wa mji huu wenye virusi vya UKIMWI ambao vitamini D yao ilikuwa chini walizidiwa na ugonjwa na kufariki zaidi kuliko wenzao. Mtu wa haraka kama mimi angeishia hapo. Wenyewe hawakuishia hapo. Waliandikishwa watu wazima 4,000 wenye virusi hivyo, wanaoanza dawa za kuvifubaza, na ambao vitamini yao ilikuwa chini ya kiasi kilichowekwa. Nusu walipewa vitamini D kwa mwaka mmoja, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu, wala mgonjwa wala daktari asijue nani kapata kipi. Matokeo yalitoka mwaka 2020: vitamini haikupunguza vifo, wala haikupunguza kifua kikuu cha mapafu. Mwaka huo huo yalitoka matokeo kutoka Mongolia, ambako watoto wa shule 8,851, wengi wao wenye upungufu, walihusishwa katika jaribio la kinga hiyo hiyo kwa miaka mitatu. Vitamini katika damu za waliopewa ilipanda vizuri kabisa. Maambukizo ya kifua kikuu hayakupungua.

Inawezekanaje? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu moja ninalolielewa ni hili: mgonjwa hukaa ndani. Anayekohoa, anayedhoofika, asiye na hamu ya kula, halioni jua wala hali samaki. Ukimpima utamkuta na upungufu, lakini yamkini upungufu huo umeletwa na ugonjwa, haukuuleta. Tena bohari ikifunguliwa haina maana kwamba vita vimeshinda. Mwili una askari wa aina nyingi, na kijidudu cha kifua kikuu kina hila za kale kuliko elimu yetu.

Ndivyo ilivyokuwa pia wakati wa korona. Mwaka 2021 zilichapishwa habari za jaribio la Brazil, ambamo wagonjwa 240 waliolazwa walihusishwa. Waliopewa dozi moja kubwa ya yuniti 200,000 hawakutoka hospitalini mapema kuliko wengine. Ama mafua na magonjwa ya kifua ya kawaida, hesabu ya majaribio 25 iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kinga kidogo, hasa kwa wale waliokuwa na upungufu mkubwa wakapewa dozi ndogo za kila siku au kila wiki. Lakini majaribio mapya yalipoongezwa, faida hiyo ilizidi kufifia, na hesabu ya mwaka 2025 haikuweza tena kuithibitisha. Upande mwingine, jaribio kubwa la Marekani la watu 25,871 lilieleza mwaka 2022 kwamba magonjwa ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe yalipungua kwa asilimia 22 kwa waliokunywa yuniti 2,000 kila siku kwa miaka mitano hivi. Kwa hiyo si kwamba vitamini haina kazi katika kinga. Ina kazi. Ila kumwongezea aliyekwisha tosheka si sawa na kumpa aliyekosa, nami nilikuwa nimeyachanganya hayo mawili.

Na ikizidi mno, hudhuru. Jua halimzidishii mtu, kwa sababu ngozi yenyewe huiharibu ziada. Bali vidonge vya nguvu kubwa vikinywewa ovyo huijaza damu kalisi, mtu akatapika, akapata kiu isiyokwisha, na figo zikaharibika. Chupa zile nilizompelekea mdogo wangu nilizipeleka kwa daktari wa mwanangu. Alisoma kibandiko, akaniuliza alikunywa ngapi kwa siku, kisha akazitia katika mtoto wa meza yake bila ya kusema neno.

Juu ya jua lenyewe, bibi alikuwa na haki, isipokuwa katika jambo moja ambalo wengi tunalikosea hata leo. Jua la alfajiri, lile la saa kumi na mbili na saa moja, ni zuri kwa macho, lakini mionzi inayotakiwa bado haijafika chini. Kipimo chake hakihitaji chombo: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, mionzi ipo. Mjini kwetu hiyo ni takriban saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na bibi, aliyengoja kazi za asubuhi ziishe, alifika kwa wakati bila ya kujua. Mikono na miguu wazi kwa muda mfupi yatosha. Si lazima mtoto aungue. Wenye ualbino hawamo katika ushauri huu hata kidogo. Wao hawana mwavuli, jua huwapa saratani ya ngozi, nao wabaki katika kofia, mikono mirefu na kivuli, wakiongozwa na daktari. Anayejifunika kwa staha ahitaji ua wenye faragha, kama bibi zetu walivyokuwa nao. Na watu wa zamu ya usiku, wazee wasiotoka, na watoto wa vyumba vilivyofungwa, hao ndio wa kuangaliwa kwanza.

Mara nyingi huwaza juu ya hao wanaochora majumba. Kila jengo jipya ninalopita lina mahali pa magari. Sijaliona lenye mahali pa mkeka.

Majibu ya mdogo wangu yalikuja: kijidudu bado kilikuwa kikishindwa na dawa. Alianza tena, akala dawa mbele ya muuguzi kila siku, nami nikampigia simu kila jioni mpaka akachoka nami. Desemba 2023 aliambiwa amepona. Bado ni mlinzi wa usiku, bado anaota jua mlangoni, na safari hii sina la kumwambia juu yake.

Jengoni kwetu tulizungumza na wapangaji wengine. Mwenye nyumba alikubali gari moja lihamishwe, na sehemu ile tukaizungushia wavu. Saa nne asubuhi mabinti hushuka na watoto, hupata saba au wanane, na tairi kuukuu la kukalia. Mwanangu ana miaka minne na huwazidi wote kwa mbio, ingawa miguu haijanyooka kabisa. Daktari anasema itaendelea kunyooka akirefuka. Viatu vyake bado huisha upande wa nje.